Injini Baridi Katika Nchi ya Joto

Malori mengi yanayopita Mikese yalianza kazi Ulaya ya Kaskazini. Ni Scania na Volvo zilizotumika huko miaka kadhaa, zikauzwa, zikapakiwa melini hadi bandari ya Dar es Salaam, na leo zinavuta makontena kwenda Zambia na Kongo. Madereva wanaifahamu Mikese kwa mizani yake, kilomita zipatazo 30 kabla ya mji wa Morogoro. Ni mahali pa kuzima injini, kunywa chai na kugonga matairi. Lori likiwa limesimama, inama mbele ya bampa uchungulie. Kwenye baadhi yake utakuta soketi ndogo nyeusi ya plastiki yenye kifuniko, na ndani yake vijiti vya chuma kama vya plagi ya umeme wa nyumbani. Waya wake unapanda hadi kwenye injini na kuishia ubavuni mwa bloku. Wapo wanaodhani ni mahali pa kuchajia betri. Wapo mafundi wanaoukata ule waya ili usiwasumbue wanapofungua rejeta.

Hiyo ni hita ya bloku. Kampuni kama DEFA ya Norway na Calix ya Uswidi zimetengeneza hita za aina hiyo kwa miaka mingi, na kwa dereva wa Kiruna au wa Tromsø ni kitu cha lazima kama taa za mbele. Kwa dereva wa Mikese haina kazi, na haitakuwa nayo. Hata hivyo naiwekea sura nzima, kwa sababu anayeelewa kwa nini wenzetu waliihitaji ataelewa pia kosa kubwa linalofanywa kwenye gereji zetu kila siku, kosa la kuifanya injini iwe baridi katika nchi ya joto.

Yenyewe ni kitu chepesi kueleweka. Ni koili ya umeme, jamaa wa ile hita ya kutumbukiza kwenye ndoo ya maji ya kuoga, ila hii imefungwa ndani ya bloku, kwenye tundu la mojawapo ya vile vizibo vya duara vilivyo ubavuni. Nyingi hutumia wati 400 hadi 1,000. Za injini kubwa huzidi hapo. Ukichomeka waya kwenye umeme wa nyumba, maji yaliyoizunguka koili yanapata moto na kupanda, ya baridi yanashuka kushika nafasi yake, na baada ya saa mbili au tatu bloku yote imepata uvuguvugu. Injini haichemki, wala haifiki joto la kazi. Inachopata ni unafuu wa kuzunguka na kuwaka.

Kabla ya hita hii kubuniwa watu wa nchi za baridi kali walihangaika. Jioni walimwaga oili na maji ya injini, wakavilaza ndani karibu na jiko, asubuhi wakavirudisha vikiwa na moto. Wengine waliwasha moto chini ya sampu, na wengine wakaunguza magari yao kwa njia hiyo. Mtu aliyebadilisha mambo ni Andrew Freeman, meneja wa ushirika wa umeme huko Grand Forks, jimbo la North Dakota, Marekani. Aliomba hataza ya hita yake ya umeme mwaka 1946 na kuipata Novemba 1949. Ile ya kwanza ilichukua nafasi ya boliti mojawapo ya silinda hedi: unang'oa boliti, unafunga hita mahali pake, unachomeka.

Baridi inaishambulia injini kwa njia tatu, zote asubuhi moja. Oili inakuwa nzito, kwa hiyo pistoni na krenki zinazunguka kwa shida na pampu inachelewa kuifikisha oili juu kwenye kamshafti. Betri nayo inadhoofika, kwa kuwa kinachotoa umeme ndani yake ni kemikali na kemikali hupungua kasi kwenye baridi. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri betri nzima kabisa imebaki na takriban nusu ya nguvu zake za kusukuma stata, na ni saa hiyohiyo injini nzito inadai nguvu zaidi. La tatu ni moto wa kuwashia. Petroli haigeuki mvuke upesi. Dizeli, isiyo na cheche, inategemea joto la hewa iliyobanwa. Hewa ikibanwa mara 16 hadi 20 ndani ya injini iliyokwisha kupata moto, joto lake hupita nyuzi 500, na dizeli inajiwasha. Injini ikiwa ya baridi, kuta za silinda zinanyonya joto lile, stata inazungusha pole pole, hewa inavuja kwenye ringi, na mafuta yanayonyunyizwa yanatoka ekzosi bila kuungua, moshi mweupe unaochoma macho.

Basi hita ichomekwe lini? Kwa gari la petroli lenye oili nyepesi, ushauri wa Canada ni pale baridi inapokaribia nyuzi 15 hadi 20 chini ya sifuri. Dizeli, hasa ya zamani, inaihitaji mapema zaidi. Uswidi na Ufini watu huchomeka hata joto likiwa karibu na sifuri, ingawa gari lingewaka bila hita, kwa kuwa injini iliyopata uvuguvugu hula mafuta kidogo na kutoa moshi kidogo katika kilomita za mwanzo. Idara ya maliasili ya Canada imekadiria kwamba kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri hita inaweza kuokoa mafuta kwa kiasi cha asilimia 10. Wala haina haja ya kukesha kwenye umeme. Ya wati 600 ikichomekwa saa tatu hutumia uniti 1.8, ikiachwa saa kumi hutumia uniti 6, na injini haipati faida ya maana katika zile saa saba za ziada, maana joto linaloingia na linalopotea vimeshalingana. Ndiyo sababu wenyeji huweka saa ya kujiwasha yenyewe alfajiri.

Maelezo hayo yana wasomaji wake wa Kiswahili. Wakongo na Warundi waliopewa makazi Fargo na Grand Forks, mji uleule wa Freeman, wanazungumza lugha hii nyumbani, na wengi wengine wako Winnipeg na Edmonton. Wastani wa joto la chini kabisa kwa siku mwezi Januari mjini Winnipeg ni kama nyuzi 21 chini ya sifuri. Kwenye maegesho ya majengo ya kupanga huko utakuta nguzo fupi zenye soketi za umeme mbele ya kila gari. Ndugu yangu uliyefika juzi, mambo mawili yaangalie kabla ya kuchomeka. Maji ya injini yawe ni kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, ambayo haigandi mpaka kiasi cha nyuzi 37 chini ya sifuri. Maji matupu yataganda, yatavimba, na yatapasua bloku, na hakuna hita itakayoirudisha. Pia waya wa kuunganishia uwe mnene, wa matumizi ya nje; mwembamba wa ndani ya nyumba unapata moto na unaweza kuunguza gari na nyumba pamoja.

Sasa turudi kwenye lori letu la Mikese, linaloelekea Tunduma. Hapa asubuhi ya Julai, Uluguru ikiwa imejifunika ukungu, joto hushuka hadi kama nyuzi 15, na makondakta huvaa makoti. Kwa injini, nyuzi 15 ni hali njema kabisa. Lakini jioni ya pili au ya tatu lori lile litakuwa limepita Mikumi, limepanda Kitonga, limepita Iringa na Mafinga, na dereva atalala Makambako au Mbeya, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi. Alfajiri ya Juni na Julai nyanda hizo zinafika nyuzi 5, pengine chini ya hapo, na juu zaidi, Kitulo na baadhi ya maeneo ya Makete, sakitu huanguka na majani yanaamka meupe.

Dereva aliyezoea Pwani akisukuma stata saa kumi na moja alfajiri, injini ikigoma, hulaumu baridi. Mimi nasema baridi ile imesingiziwa. Tazama dumu la oili. Maandishi 20W-50 yana maana: ile 20 pamoja na herufi W inaeleza tabia ya oili kwenye baridi, na oili ya daraja hilo imepimwa ikaonekana inaruhusu injini kuzungushwa hadi nyuzi 15 chini ya sifuri. Ya 15W-40 inakwenda hadi 20 chini ya sifuri. Mbeya haijawahi kufika huko. Kwa hiyo lori linalogoma Makambako kwenye nyuzi 5 ni lori lenye ugonjwa uliofichwa na joto la Dar es Salaam. Betri imechoka, au waya wake wa ardhi umeota kutu. Nozo zinatiririsha mafuta badala ya kunyunyiza. Ringi zimelika, hewa inavuja. Kwenye Land Cruiser mkonga yenye injini ya 1HZ, mara nyingi plagi za joto ndizo zilizokufa. Ziko sita, na kwa nyuzi 30 za Mikese gari linaweza kuwaka hata nne zikiwa zimeungua, hivyo mwenyewe hana habari. Injini kubwa za malori, zinazonyunyiza mafuta moja kwa moja juu ya pistoni, kwa kawaida hazina plagi hizo. Baadhi zina hita kwenye njia ya hewa, na nyingine hazina kitu, zinategemea ubanaji mzuri na stata yenye nguvu.

Mwinuko nao una sehemu yake. Kwenye mita 1,700 shinikizo la hewa limepungua kwa karibu asilimia 18 ukilinganisha na Pwani, na tabo haisaidii wakati wa kuwasha kwa sababu bado haijaanza kuzunguka. Injini inabana hewa nyembamba, tena ya baridi. Gari zima linavumilia, lililolika linashindwa. Ukitaka kujua afya ya dizeli unayotaka kununua, mwombe muuzaji ailaze nje usiku mmoja Mafinga mwezi wa Julai, uje uiwashe wewe mwenyewe kabla yeye hajaigusa. Kama huwezi kufika Mafinga, hata Nyandira kule Mgeta panatosha, ambako magari ya mboga huanza kushuka kabla hakujapambazuka na madereva wenye betri chovu huegesha kwenye mteremko, gari likitazama chini.

Kuna dawa moja ya barabarani naipinga kabisa. Gari likigoma, mtu analowesha kitambaa kwa petroli na kukiweka mbele ya njia ya hewa. Injini inavuta ule mvuke, inawaka kwa kishindo. Petroli hulipuka kabla pistoni haijafika mahali pake, na ringi zinavunjika. Kwenye injini yenye plagi za joto zilizo moto, mlipuko unaweza kurudi kwa mshika kitambaa. Subiri. Washa swichi ya plagi za joto mara mbili, sekunde kumi kila mara. Kopa umeme kwa betri ya jirani. Hasara ya kuchelewa nusu saa Makambako ni ndogo kuliko ya kufungua injini.

Gari likishawaka, je, liungurume muda gani kabla ya kuondoka? Pale Mikese nimeyaona malori yakinguruma sailensa nusu saa nzima, dereva akiwa kwenye chai, akiamini anaipasha injini. Dizeli kwenye sailensa inachoma mafuta kidogo mno kuweza kupata moto, na yale inayochoma inayachoma vibaya: masizi yanajaa, mafuta mabichi yanaosha oili kwenye kuta za silinda. Lori kubwa likiwa limesimama hivyo hunywa kiasi cha lita tatu kwa saa. Muda wa kutosha ni ule wa kujaza upepo wa breki. Upepo ukijaa, oili imeshafika kila mahali; ondoka, endesha pole kilomita tano za mwanzo bila kukanyaga sana. Injini hupata moto kwa kufanya kazi. Kusimama kwenye sailensa kuna maana mwishoni mwa mlima, dakika mbili au tatu kabla ya kuzima, ili tabo ipoe ikiwa bado inapata oili.

Sasa nifike kwenye kosa nililolitaja mwanzoni. Kila injini inayopozwa kwa maji ina kifaa chake cha kulinda joto: themostati. Ni kitu kidogo cha shaba kinachoenea kiganjani, chenye kichupa cha nta katikati. Injini ikiwa baridi, kimefunga njia ya rejeta, maji yanazunguka ndani ya bloku peke yake na kupata moto upesi. Yakifika joto lililochapwa kwenye ukingo wake, 82 au 88, nta inayeyuka, inavimba, inasukuma vali, na maji yanaanza kwenda kupozwa. Freeman alitengeneza hita ya kuisaidia injini saa chache kabla ya safari. Themostati inailinda safari nzima, na haili umeme.

Na hicho ndicho tunachong'oa. Gari limechemka, fundi anafungua, anatoa themostati, anaitupa kwenye kopo la vyuma chakavu, na kusema nchi yetu ni ya joto, haihitajiki. Namwelewa fundi. Ameona themostati zilizonata zikiwa zimefunga, kwa sababu wateja wake hujaza maji ya bomba au ya mtoni na kutu imeila ile springi. Anajua kwamba moja ikinata katikati ya Kitonga, silinda hedi itapinda. Amechagua ubaya anaoona ni mdogo. Lakini mara nyingi kilichochemsha gari ni rejeta iliyoziba, pampu iliyolika, feni dhaifu au gasketi iliyoungua, na kung'oa themostati kunaficha hayo kwa wiki chache tu.

Baada ya hapo injini haipati tena joto lake. Lori linalorudi Dar es Salaam tupu alfajiri ya Julai, upepo ukilipiga usoni, linatembea na maji ya nyuzi 50 au 60, na mshale wa joto haunyanyuki. Kila lita ya mafuta inayoungua hutoa karibu lita moja ya maji kama mvuke. Mwingi unatoka ekzosi, sehemu ndogo inapenya kwenye ringi na kushuka kwenye sampu. Oili ikiwa ya moto vizuri, mvuke huo unafukuzwa. Ikiwa baridi, unabaki, unachanganyika na oili na mafuta mabichi. Fungua kifuniko cha kujazia oili cha gari kama hilo, kigeuze: utakuta ute mzito wa rangi ya chai ya maziwa umeganda upande wa ndani. Kwenye injini ya petroli yenye kompyuta mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu sensa inaripoti kwamba injini bado baridi, na kompyuta inaendelea kuongeza mafuta kilomita baada ya kilomita. Mwenye gari anashangaa kwa nini Noah yake imekuwa mlevi.

Lipo na jambo ambalo mafundi wengi hulikataa mpaka walione. Kwenye injini nyingi za Toyota, themostati ina sahani ya pili upande wa chini; ikifungua njia ya rejeta, sahani hiyo inaziba ule mkondo mfupi wa ndani. Ukiing'oa, mkondo mfupi unabaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Gari lililotolewa themostati ili lisichemke linachemka mlimani kuliko mwanzo.

Kabla ya kutupa ya zamani au kununua mpya, ipime. Ifunge uzi, ining'inize ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto pembeni, washa jiko. Ikaribiapo namba iliyochapwa, vali inaanza kufunguka. Maji yakizidi hapo kwa nyuzi 10 hadi 15, inapaswa kuwa wazi kabisa, pengo la karibu sentimita moja. Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa ajili ya mwinuko, na bado yanatosha kuipima ya 82. Itoe, iache ipoe, uone kama inafunga sawasawa bila kuacha mwanya. Ikinata, nunua nyingine yenye namba ileile ya kitabu cha gari.

Wakati wa kufunga, upande wenye springi utazame injini, na kitundu chenye kipini kidogo kikae juu ili hewa ipite. Weka gasketi mpya. Injini ikiwa imepoa kabisa, jaza kulanti taratibu, fungua hita ya ndani ya gari hadi mwisho, washa injini kifuniko cha rejeta kikiwa wazi, na ushike mpira wa juu wa rejeta kwa mkono. Dakika za kwanza mpira huo utakuwa baridi ingawa injini inanguruma. Kisha utapata moto kwa ghafla, na maji kwenye mdomo wa rejeta yatashuka: themostati imefungua na hewa inatoka. Ongeza kulanti hadi mstari, funga kifuniko, na uendeshe mpaka mshale ukae katikati na kutulia hapo, mlimani na kwenye mteremko.